Kwenda mlimani kwa basi: anza kuhesabu kutoka mwisho wa safari

Wanaoniuliza kuhusu safari ya Dar kwenda Moshi huanza na swali lile lile: basi gani linakimbia? Swali hilo nimeacha kulijibu. Mabasi yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanayafuatilia kwa mtambo, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wako njia nzima. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Gawanya, unapata saa saba, na hapo hujahesabu foleni ya kutoka Mbezi hadi Kibaha, mizani ya Vigwaza, vijiji vya mwendo wa 50, matuta, wala chakula cha njiani. Safari yenyewe ni saa tisa hadi kumi. Mpiga debe anayekuapia kwamba saa sita uko Moshi ana siti mbili hazijajaa, basi.

Swali la maana ni jingine: kwenu ni wapi hasa, na magari ya kupanda huko yanaisha saa ngapi? Lami ya Segera na Same haimshindi mtu. Kinachochosha ni kushuka barabara kuu jioni, na begi na kiroba cha sukari, ukakuta Noah ya mwisho, vile vigari vya abiria vya kupanda mlimani, imeshaondoka na boda boda waliobaki wameshakusoma usoni. Giza likiingia na manyunyu yale ya mlimani, bei anapanga mwenye pikipiki.

Kwa hiyo panga kinyumenyume. Wa Marangu, Mwika na Rombo, shukeni Himo. Watu wengi wanaandikiwa tiketi ya Moshi, wanapelekwa hadi mjini, halafu wanalipa tena kurudi barabara ile ile waliyopita. Mwambie konda wakati unapanda kwamba wewe ni wa Himo, na umkumbushe mkifika Mwanga, maana atakuwa amesahau. Wa Kibosho, Uru na Old Moshi mnashuka stendi ya Moshi mjini. Wa Machame na Sanya Juu tafuteni basi linaloendelea Arusha: Machame unaachwa njia panda baada ya Moshi, Sanya Juu unashukia Boma Ng'ombe. Wa Arusha yenyewe ongezeni kilomita kama 80 kutoka Moshi, na msitegemee kuzimaliza kwa saa moja.

Ukitaka kuwa Himo saa tisa au saa kumi alasiri, basi lako ni la saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo Mbezi inapokuja. Tangu stendi ya Magufuli ifunguliwe huko Mbezi mwaka 2021, mtu wa Kigamboni au Mbagala safari yake ya kwanza ni ya kwenda stendi, na anaianza usiku wa manane. Uliza kwanza basi linapakia wapi, usikariri la mwaka jana. Kama una ndugu Kimara au Mbezi, kalale kwake. Atakusumbua umpelekee mzigo, lakini utakuwa umelala.

Usiku je? Serikali ilirudisha mabasi ya usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, na kwa mtu wa Moshi mjini au Arusha ni neema: hupotezi siku ya kazi. Kwa mtu wa Rombo simshauri. Ukiondoka Dar saa kumi na mbili jioni, Himo unashushwa alfajiri mbichi, unakaa juu ya begi lako na baridi ya Kilimanjaro inakupiga hadi magari ya kwanza yaamke.

Siti. Kaa dirishani, upande wa dereva. Nasisitiza. Kati ya Chalinze na Segera jua litakuwa upande wako, lakini ni jua la asubuhi, halina neno. Mchana linahamia upande wa pili, na kuanzia Hedaru, Makanya hadi Same, pale penye vumbi na michongoma, wenzako wa kushoto watakuwa wanaziba dirisha kwa khanga. Milima yote pia iko upande wako: Usambara kuanzia Korogwe, halafu Upare, halafu ukishapita Himo, mlima wenyewe, kama mawingu yatakubali. Mara nyingi hayakubali mchana. Huonekana asubuhi na jioni. Chagua siti ya katikati ya gari. Nyuma kabisa kila tuta linakurusha, na juu ya tairi magoti yanakufika kidevuni.

Chakula wengi wanasimamia Korogwe au karibu na hapo. Konda anatangaza dakika ishirini na anamaanisha kumi na tano. Usikimbilie kaunta. Nenda chooni kwanza, na uwe na chenji mkononi, kisha kula kitu chepesi. Hoteli nyingi unalipia dirisha moja, unachukulia dirisha jingine, na foleni ya pili ndiyo inayokula muda. Mimi huchukua mahindi ya kuchoma au ndizi, chips mayai naiacha. Kutoka hapo hadi Same ni mwendo mrefu, na kumwomba dereva asimame uchimbe dawa ukiwa na nguo za kuendea kwa wakwe si jambo la kutamani. Matunda subiri Mombo, ya Lushoto yanashukia pale.

Kabla hujatoka kwenye basi, soma namba ya gari. Rangi haitoshi. Kampuni moja inaweza kuwa na mabasi matatu hapo, mawili yanapanda na moja linashuka. Niliwahi kumshuhudia mama mmoja wa makamo ya bibi yangu amekaa kwa utulivu kwenye siti ya kijana, kagoma kuinuka. Konda akaja.

"Shikamoo mama. Hili linaenda Dar."

"Marahaba. Dar ndiko nilikotoka, mwanangu!"

Lake lilikuwa upande wa pili wa uwanja, linapiga honi, linamtafuta yeye.

Mizigo: andika jina na kituo cha kushukia kwa maka pen nene, HIMO kwa herufi kubwa, siyo "Mama Neema" tu. Dai kipande cha tiketi ya mzigo. Halafu mwangalie utingo anavyopanga buti. Begi la Himo likifunikwa na magunia ya Arusha, mtasimama barabarani robo saa mkichimbua huku abiria wanapiga kelele ndani. Sweta na dawa visiingie buti, vikae miguuni. Dar unatoka unatiririka jasho. Marangu mwezi wa saba utalitaka sweta hilo kabla hujafika nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo beba vikapu au viroba.

Simu ya nyumbani piga mara moja tu, ukifika Same. Ukianza kutoa taarifa Chalinze, watakupigia kila kituo na chaji itaisha kabla hujamwita mtu wa kukupokea.

Desemba ni habari nyingine. Wachaga wote wanataka kuwa nyumbani mgombani kabla ya Krismasi na tiketi zinakwisha mapema. Nauli ina kiwango cha juu kilichopangwa na LATRA, kwa hiyo ukiambiwa bei ya ajabu, dai tiketi iliyoandikwa kiasi hicho hicho unacholipa, jina lako na namba ya siti. Mara nyingi bei inashuka palepale. Na siku unayoshuka Himo au Moshi, kabla hujapanda Noah ya kwenda juu, pita ofisini ukate tiketi ya kurudi. Kuja kunagawanyika wiki mbili nzima. Kurudi, kila mtu anataka aondoke mara tu baada ya mwaka mpya.