Artemisia yangu imekataliwa: nivune lini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina nusu ekari ya artemisia, ule mmea wa dawa ya malaria, huku Arumeru. Nilisubiri ichanue vizuri ndipo nikakata. Mnunuzi alipima majani, akakuta dawa haifiki nusu asilimia, akakataa mzigo. Jirani aliyekata mapema amelipwa. Nimekosea wapi? Na majani haya, naweza kuwachemshia watoto wakishikwa na homa?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara. Ulichelewa kukata. Artemisinini, yaani ile dawa unayolipwa, imo kwenye vitezi vidogo mno juu ya jani. Chuma jani bichi ulitazame kwa lenzi: utaviona vinang'aa kama vitone vya mafuta. Jani likizeeka vinapasuka, na mmea ukishaingia kwenye mbegu majani ya chini hunyauka na kupukutika. Kwa aina nyingi, dawa hufika kileleni pale vitumba vya maua vinapochomoza, vikiwa bado vya kijani, vidogo kama kichwa cha pini. Kata hapo.

Huku kwetu usitegemee mwezi wa kalenda. Artemisia asili yake ni Asia, na huanza maua mchana ukipungua chini ya saa 13 na nusu hivi. Arumeru mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbegu ya kawaida huchanua ingali fupi, majani haba. Tafuta aina inayochelewa kuchanua, na kama ni chotara usirudie mbegu ya shambani kwako. Kisha pita shambani kila baada ya siku mbili ukikagua ncha za matawi.

Kukausha nako kuna faida yake: ndani ya jani mna asidi ambayo huendelea kugeuka artemisinini jani linapokauka. Anika juu ya turubai penye upepo, piga kwa fimbo, chekecha vijiti. Gunia lenye unyevu litaota ukungu.

Watoto usiwachemshie, nakusihi. Huwezi kujua kikombe kimebeba dawa kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hii kwa malaria. Homa ikianza, mpeleke mtoto zahanati siku hiyohiyo akapimwe damu. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto, ambayo nayo imetokana na mmea huuhuu, ila kwa kipimo kinachojulikana.