Mama anameza dawa za saratani nyumbani, tumhudumie vipi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, alianzishiwa matibabu Ocean Road, Dar es Salaam, akapewa vidonge vya kapesitabini ambavyo anavimeza nyumbani hapa Morogoro: vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa siku 14, kisha anapumzika siku 7. Namhudumia mimi pamoja na wifi yangu, ambaye ni mjamzito. Jirani anatuambia tumtengee mama vyombo, na shangazi amemletea vidonge vya kuongeza damu pamoja na chupa ya mizizi. Juzi usiku alipata homa, tukampa parasetamoli, akaamka mzima. Je, tunafanya sawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na hiyo homa ya juzi, maana ndiyo iliyonishtua katika barua yako.

Kapesitabini hushambulia chembe zinazojigawa kwa haraka. Hivyo ndivyo inavyoiua saratani, lakini hivyo ndivyo pia inavyoweza kuugusa uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Chembe hizo zikipungua, maambukizi ambayo wewe na mimi tungeyashinda kwa siku mbili yanaweza kumzidi mgonjwa kwa muda wa saa chache tu. Sisi homa tumeizoea mno: mtu akichemka tunasema ni malaria, tunampa parasetamoli na kusubiri kupambazuke. Kwa mama usifanye hivyo tena, kwa kuwa parasetamoli hushusha joto na kuificha dalili huku maambukizi yakiendelea. Nunua kipimajoto leo, usitegemee kiganja juu ya paji la uso. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au mama akitetemeka kwa baridi hata kama joto halijafika hapo, mpelekeni hospitali ya mkoa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku, na jambo la kwanza kusema mapokezini liwe kwamba yumo kwenye dawa za saratani. Malaria itapimwa hukohuko.

Vidonge avimeze kwa maji, ndani ya nusu saa baada ya kula, na kati ya dozi na dozi zipite kama saa 12; akichagua saa moja asubuhi na saa moja jioni ni rahisi kukumbuka. Asipoweza chakula kizito, bakuli la uji linatosha. Akisahau dozi, asimeze maradufu kufidia, na kidonge kisisagwe wala kuvunjwa.

Mwangalie choo na mikono. Akiharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, au kuharisha kukimwamsha usiku, au vidonda vya mdomo vikimzuia kula, asimamishe vidonge na mpige simu kliniki siku hiyohiyo, huku akinywa maji ya ORS. Wagonjwa wengi huona aibu kusimamisha, wakidhani wameshindwa na tiba, ilhali daktari hutarajia hali hiyo na mara nyingi huwarudisha kwenye dawa kwa kipimo kidogo zaidi. Viganja na nyayo nazo huweza kuwa nyekundu na kuwaka kana kwamba mtu ametwanga pilipili. Niliwahi kumuuguza mama mmoja ambaye hakuweza kufunga vifungo vya gauni lake, na alikuwa amevumilia wiki nzima bila kumwambia mtu. Mpakeni mafuta ya mgando, aepuke maji ya moto na viatu vya kubana, na maumivu yakianza kumzuia kufanya kazi zake, kliniki iambiwe.

Kuhusu zawadi za shangazi, mshukuruni kwa heshima, kisha mziweke kando. Vidonge vingi vya kuongeza damu vina asidi ya foliki, na asidi hiyo huongeza makali ya kapesitabini mwilini kiasi cha kuweza kumdhuru mgonjwa. Mizizi nayo hatujui ina nini ndani yake, wala itakavyolichosha ini na figo ambazo tayari zina kazi kubwa. Kama anatumia warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu isigande, daktari ajulishwe mapema, maana dawa hizo mbili zikikutana mgonjwa anaweza kuvuja damu.

Jirani yako amekosea. Saratani haiambukizi, na kumtengea mama sahani ni kumwongezea uchungu juu ya ugonjwa. Kuleni naye, mkumbatieni. Kinachohitaji uangalifu ni dawa yenyewe, kwa sababu hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi wakati anapoimeza na kwa siku mbili hivi baadaye. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake, nawe ukiwa umevaa glavu. Wifi yako asiyashike, wala asivishike vidonge, kwa usalama wa mtoto aliye tumboni. Wewe unapompa mama dozi, vimimine kwenye kifuniko badala ya kiganjani, kisha unawe kwa sabuni, na paketi ikae mbali na watoto.

Tenga daftari moja la kuandika joto, saa za dozi na idadi ya kuharisha. Tarehe ya kliniki ikifika, lichukueni pamoja na vidonge vyovyote vilivyobaki, mkamkabidhi mfamasia. Visitupwe chooni wala jalalani.