Daniel Cormier umweke wapi kwenye kilo 93?

SWALI: Shikamoo kocha. Kijiweni kwetu Ngamiani, Barabara ya Nane, tumegawanyika juu ya Daniel Cormier. Mmoja anasema ndiye namba moja wa laiti hevi kwenye MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka) kwa sababu alishika mikanda miwili. Mwingine anasema hata tano bora haingii, maana Jon Jones alimpiga mara mbili. Watu kama hawa mnawapangaje bila ushabiki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Wote wawili wanahesabu vitu visivyohusika.

Tuanze na mizani, maana wapenzi wa ngumi huchanganyikiwa hapa. Laiti hevi ya ngumi ni kilo 79 na ushee. Ya MMA inaishia pauni 205, yaani kilo 93. Swali lenu ni la kilo 93, kwa hiyo mkanda wa uzito wa juu ambao Cormier alimvua Stipe Miocic Julai 2018, kwa KO (kumlaza asiendelee) ya raundi ya kwanza, hauingii. Unampa heshima kwenye orodha ya wapiganaji wa uzito wote, si hapa. Ukiutoa huo, toa pia vipigo viwili alivyopewa na Miocic 2019 na 2020, kabla hajastaafu.

Baada ya kuchuja, yanabaki mapambano tisa tu, kuanzia Februari 2014 hadi Januari 2018: ameshinda saba, amepoteza moja, na moja matokeo yake yamefutwa.

Hilo lililofutwa ndilo linalowagombanisha, nalo ni la pili kati ya mawili aliyopigana na Jones. Januari 2015 Jones alimshinda kwa pointi, majaji wote watatu wakiandika 49-46, tena akamwangusha chini mtu aliyefika nafasi ya nne ya mieleka kwenye Olimpiki ya Athens. Hicho ni kipigo halali, hakina mjadala. Julai 2017 Jones akamlaza kwa teke la kichwa raundi ya tatu na kummalizia chini, lakini vipimo vikaonyesha turinabol, dawa iliyopigwa marufuku ya kuongeza nguvu, mwilini mwa Jones. Kamisheni ya California, inayosimamia mapambano huko, ikafuta matokeo na mkanda ukarudi kwa Cormier. Kwenye hesabu, pambano lililofutwa halimpi yeyote ushindi wala kipigo. Kwa hiyo msiandike kwamba Cormier amepigwa mara mbili, na msimwandikie pia kwamba alitetea mkanda usiku ule. Alitetea mara tatu: dhidi ya Alexander Gustafsson, Anthony Johnson na Volkan Oezdemir.

Sasa chukueni daftari, kila ushindi mwandike mpinzani alikuwa na hali gani siku ile. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayobadilisha orodha. Watu wa Tanga mnaijua vizuri: bondia wenu Hassan Mwakinyo kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham 2018, kulimpandisha kuliko kushinda mara nyingi nyumbani. Patrick Cummins aliitwa siku chache kabla ya pambano. Mpeni Cormier alama kidogo. Anderson Silva naye, Julai 2016, alikuja kuziba pengo zikiwa zimebaki siku mbili, tena akitoka uzito wa chini, karibu sifuri. Dan Henderson alikuwa na miaka 43, nusu alama. Ila umri peke yake usiwadanganye: Randy Couture alikuwa na miaka 41 Chuck Liddell alipomvua mkanda huu wa kilo 93 Aprili 2005, na bado mwaka 2007 akaja kutwaa ubingwa wa uzito wa juu. Tazameni alichofanya mtu kabla na baada, si tarehe ya kuzaliwa.

Zinabaki alama nne nzito. Johnson, sasa marehemu, alikuwa na mkono wa kulia uliolaza watu kwa ngumi moja. Mei 2015, wakigombea mkanda ulioachwa wazi, alimdondosha Cormier sekunde za mwanzo kabisa. Cormier akainuka, akamganda kwenye uzio, akamchosha kwa kumbeba na kumwangusha, kisha raundi ya tatu akamaliza kwa kabali ya nyuma. Aprili 2017 akarudia kabali hiyohiyo raundi ya pili. (Pambano hilo lina doa: kwenye mizani alisoma pauni 206.2, juu ya kikomo, na dakika chache baadaye akasoma 205 huku ameshika taulo lililomkinga, jambo linaloweza kupunguza uzito unaosomwa. Mimi simkati alama, ila mwenye kumkata namwelewa.) Kwa Gustafsson alikula goti raundi ya tatu akaenda chini, akaamka na kushinda kwa majaji waliogawanyika. Oezdemir alimalizwa chini raundi ya pili.

Mlinganisheni na Liddell. Alitetea mara nne, zote kabla ya kengele ya mwisho, ndani ya mfululizo wa KO na TKO (refa kusimamisha pambano) saba kati ya 2004 na 2006, Couture na Tito Ortiz wakiwemo mara mbilimbili. Ortiz alitetea mara tano, lakini wapinzani wawili wakali wa zama zake, Couture na Liddell, wote walimpiga. Kuhesabu utetezi tu bila majina ndiko kunakompandisha kupita kiasi. Wanderlei Silva na Mauricio Rua wa Pride, shirika la MMA la Japani, wapimeni kando, kwani kule raundi ya kwanza ilikuwa dakika kumi na teke la kichwa kwa aliyelala liliruhusiwa.

Jones ni wa kwanza, akiwa na utetezi nane katika utawala wake wa kwanza pekee. Wa pili namweka Liddell, na Cormier wa tatu kwa tofauti ndogo sana, kwa sababu mapambano tisa ni machache na matatu kati ya ushindi saba ni mepesi. Anayethamini zaidi kutopigwa na mwingine yeyote kwenye uzito huu isipokuwa Jones atamweka wa pili, na sitabishana naye. Ila akidai kwamba wangekutana Cormier angembeba Liddell na kumtupa, mwambieni huenda ni kweli, lakini hapo ameshaacha kupanga orodha, anabeti.