Ndugu yetu kashikwa na uhamiaji Marekani: tuanzie mahakama ipi?

SWALI: Kaka yangu anashikiliwa na idara ya uhamiaji huku Minnesota. Tumeshauriwa tupeleke ombi la habeas corpus (la kumtaka jaji aangalie kama kuzuiliwa kwake ni halali) moja kwa moja mahakama ya rufaa ya shirikisho, eti huko mambo huenda haraka. Ni kweli? Na tukikataliwa?
Dada mtu, Minneapolis

JIBU: Si kweli, dada. Kanuni ya 22 ya Kanuni za Rufaa za Shirikisho inataka ombi lianzie mahakama ya wilaya ya shirikisho. Mkimpelekea jaji wa rufaa atalirudisha huko huko chini, na siku hizo kaka yenu anaweza kupakiwa ndege kwenda Texas au Louisiana.

Hilo la kuhamishwa ndilo linaloangusha wengi. Mahakama yenye mamlaka ni ya wilaya alimozuiliwa wakati ombi linapofailiwa, si anakoishi wala alikokamatwa. Akihamishwa baada ya hapo, kesi inabaki palepale. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1944 katika shauri la Endo. Akihamishwa kabla, mnaanza upya aliko. Kwa hiyo mtafuteni kwenye mfumo wa mtandaoni wa ICE (idara ya uhamiaji inayomshikilia) wa kutafuta mahabusu asubuhi ile ile ya kufaili. Andaeni namba yake ya uhamiaji inayoanza na A, na nchi aliyozaliwa. Wajibu maombi, yaani wale mnaowalalamikia, wanaweza kuwa wengi, ila mkuu wa kituo anamoshikiliwa asikosekane.

Fomu ni AO 242 na ada ni dola 5; asiyeziweza huomba msamaha wa ada. Asaini mwenyewe, akithibitisha kwamba ayasemayo ni kweli chini ya adhabu ya kusema uongo. Ukisaini kwa niaba yake, eleza kwa nini yeye hawezi. Undugu peke yake hautoshi.

Ombi lipinge kuzuiliwa kwake, si amri ya kumfukuza nchini. Amri ya mwisho ya kufukuzwa ndiyo hupingwa moja kwa moja mahakama ya rufaa, ndani ya siku 30, na pengine hapo ndipo mshauri wenu alipochanganya. Karatasi za kupinga amri hiyo zimfikie msajili wa mahakama ya rufaa kabla ya siku hizo 30 kwisha. Kuzitia posta si kuzifaili. Isitoshe, kufaili peke yake hakusimamishi safari ya kufukuzwa: ombeni zuio la kuisimamisha kwa ombi la pekee.

Jaji wa wilaya akikataa, sasa ndiyo zamu ya mahakama ya rufaa. Notisi ya rufaa hupelekwa kwa msajili wa mahakama ile ile ya wilaya ndani ya siku 60, kwa kuwa serikali ya shirikisho ni mdaawa, yaani upande mmoja wa kesi. Ada ni dola 605. Mfungwa aliyehukumiwa na jimbo ana siku 30 tu, tena lazima apate cheti cha kuruhusiwa kukata rufaa. Kaka yako hakihitaji, hata karani akikuuliza kiko wapi.