Usiizime filamu ya Kijapani katikati

Mara ya kwanza nilipotazama Spirited Away, filamu ya katuni ya Kijapani, sikuimaliza. Chihiro, msichana wa miaka 10, ameingia kwenye hamamu ya ghorofa nyingi, wazazi wake wamegeuka nguruwe, wateja wanashuka melini, na ndani ya lifti anabanwa na jitu jeupe kama figili. Hakuna anayeeleza chochote. Nikamngoja adui ajitokeze ili hadithi ianze. Hakutokea, nikazima.

Miaka kadhaa baadaye dada yangu alinibana niirudie, na leo hakuna filamu ninayoipenda kuliko hii. Kwa hiyo wewe uliyeishia njiani, rudi, ila uingilie mlango mwingine.

Anza na majina. Kwa Kijapani filamu inaitwa Sen to Chihiro no Kamikakushi. Kamikakushi ni neno la zamani: mtu akitoweka ghafla, watu walisema amefichwa na miungu. Sisi tuliolelewa pwani tuna masikio ya jambo hilo. Mtoto akipotea vichakani, bibi alisema kachukuliwa na majini, na hakuna aliyemdai ufafanuzi.

Kisha angalia mchawi Yubaba, mwenye hamamu, anavyomwajiri Chihiro. Chihiro huandikwa kwa herufi mbili za Kijapani. Yubaba anamnyang'anya moja, na inayobaki, ikisimama peke yake, husomwa "Sen". Kumbe hakupewa jina jipya, amebakizwa kipande cha jina lake. Maandishi ya tafsiri hayawezi kukuonyesha hilo, ndiyo maana nakusihi ulizie kila jina lina maana gani. Kaonashi, yule kivuli mwenye barakoa, maana yake ni asiye na uso. Ukishajua hivyo, mtazame anavyomeza watu ili apate sauti zao.

Tukio linalonishika kuliko yote ni la mteja anayenuka. Hamamu nzima inaziba pua. Chihiro anamwogesha, anagusa kitu kilichomchoma ubavuni kama mwiba, wanavuta kwa kamba: ni baiskeli, na nyuma yake mlima wa takataka. Alikuwa mungu wa mto. Katika imani ya Shinto, mto, mti au jiwe kubwa linaweza kuwa na mungu wake, na Wajapani huwataja kuwa milioni nane, yaani hawahesabiki. Hayao Miyazaki, aliyeiandika na kuiongoza filamu hii ya 2001, amesimulia kwamba aliwahi kushiriki kusafisha mto wakatoa baiskeli. Mimi ninayevuka mto Msimbazi kila siku nililia pale.

Adui usimtafute. Yubaba ana tamaa, lakini mkataba anauheshimu, na mwanawe anampenda kupita kiasi.

Na treni ikianza kupita juu ya maji, weka simu mbali. Hakuna linalotokea kwa dakika kadhaa, na imekusudiwa hivyo. Miyazaki alimweleza mhakiki Roger Ebert mwaka 2002 kwa kupiga makofi: ule ukimya kati ya kofi na kofi, Wajapani huuita "ma".

Kama bado unaogopa, tangulia na My Neighbor Totoro ya 1988, nayo ya Miyazaki, ni nyepesi. The Boy and the Heron, yake pia, iache mwisho. Huko Japani iliingia kumbini mwaka 2023 bila trela, kwa bango moja tu la ndege. Nimeitazama mara tatu, na yule mzee anayepanga mawe bado namfikiria.