Kutapika kwenye matatu kila asubuhi

Pole sana dada. Umesema una ujauzito wa wiki 9 na unatapika kabla matatu haijafika mjini. Nilipitia hayo hayo kwenye matatu za Jogoo Road, Nairobi, najua uchungu wake. Kilichonisaidia hasa ni kula kipande cha mkate mkavu nikiwa bado kitandani, halafu kutulia kidogo kabla ya kuinuka, kwa sababu tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Chai ya tangawizi pia, kidogo kidogo. Vidonge vya kuongeza damu nilihamishia usiku baada ya kumuuliza muuguzi. Kwa wengi hali hupungua kati ya wiki ya 12 na 20. Lakini ukishindwa kuweka hata maji tumboni siku nzima, au mkojo ukiwa kidogo na wa rangi nzito, tafadhali nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.