Muulize Bwana Miti: "Mama hataki nisomee misitu"

Shikamoo mzee. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, na matokeo si mabaya. Nataka kusomea misitu, ila mama anasema kazi yenyewe ni kukimbizana na wachoma mkaa porini, haimfai msichana. Halafu wengine wananiambia niende chuo kikuu cha SUA, wengine chuo cha misitu Olmotonyi. Nishike lipi?
Msomaji, Nachingwea

Marahaba, mwanangu. La vyuo ni jepesi. SUA, Morogoro, watakupa shahada. Olmotonyi kule Arusha, chuo cha tangu 1937, wanatoa astashahada na stashahada, na mikono huzoea kazi mapema. Angalieni mfuko wa nyumbani, muamue.

Sasa la mama. Kukimbizana kupo, sikufichi. Ukiajiriwa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, utavaa sare, na doria za usiku hutazikwepa. Lakini mimi, nikiwa afisa misitu Kilwa, muda wangu mwingi uliishia kwenye mikutano ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kitenge msitu wake wa hifadhi, kivune kwa mpango na kuuza. Kufika hapo ndiyo shughuli: mipaka ikubaliwe na kijiji jirani (wazee hutoleana maneno hapo, we acha tu), kamati ya maliasili iundwe, miti ipimwe, sheria ndogo zipite mkutano mkuu kisha halmashauri. Vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayotunzwa na kuvunwa vizuri, na si bunduki iliyokileta.

Kupima kwenyewe utakupenda. Utepe unazungushwa kwenye shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini; mwanakamati anapaza sauti, "Mpingo, thelathini na nane!", mwenzake anaandika. Mkikuta mti umegawanyika chini ya kimo hicho, kila shina linapimwa peke yake. Wabishi hubisha kwamba mti ni mmoja. Waache wabishe, andika mashina mawili. Mpingo hukomaa kwa miaka 70 au zaidi, kwa hiyo daftari likidanganya, mtavuna wa wajukuu.

Kuhusu usichana wako, mwambie mama hivi: kina mama wa kamati walimweleza afisa mwenzangu wa kike mambo ambayo mimi sikuwahi kudokezwa, mkaa unachomwa wapi na ni mume wa nani anayeuchoma. Doria zetu zilianza kuelekea panapostahili.

Ajira ni za kugombania. Usiikodolee macho TFS peke yake. Halmashauri, mashamba ya miti kama Sao Hill na mashirika ya uhifadhi nao huajiri.

Kabla hujajaza fomu, nenda kwa afisa misitu wa wilaya yenu, omba ufuatane na timu ikienda kupima msitu wa kijiji. Mama akikubali, nenda naye pia. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunga. Upupu wa huko kwenu mnaujua wenyewe.